Panga mwaka kwa siku kumi kumi: mwongozo wa malengo yanayofika Desemba

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake 28 hapa Mbagala, Dar es Salaam. Tuna desturi moja. Jumamosi ya kwanza ya Januari, kabla hatujafungua sanduku, kila mwanachama anasimama na kutaja lengo lake la mwaka, nami nayaandika yote kwenye daftari. Mwaka juzi, siku ya kuvunja kikoba, yaani ya kugawana akiba, nilibaki na daftari hilo baada ya wenzangu kuondoka, nikayasoma malengo ya miaka sita kwa mfululizo. "Nitajenga." "Nitaanza biashara." "Nitapunguza mwili." "Nitarudi shule." Watu walewale, maneno yaleyale, Januari baada ya Januari.

Iliniuma, kwa sababu hawa si wavivu. Ni wanawake wanaoamka saa tisa usiku kuwahi samaki Feri, wanaokaa kwenye cherehani mpaka mgongo unagoma. Nilipotafuta wale wachache ambao malengo yao yalitimia, niliona kitu kimoja tu kilichowatofautisha na wengine: walichotaja kilikuwa na siku yake ndani ya juma. Wengine walitaja mwaka mzima, na mwaka ni mkubwa mno, mtu hawezi kuushika.

Hapo nikamkumbuka bibi yangu mzaa mama. Alizaliwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, na hakuuhesabu mwaka kwa miezi kumi na miwili kama tulivyofundishwa shuleni. Aliuhesabu kwa miongo. Siku hizi tukisema muongo tunamaanisha miaka kumi, lakini kwa wakulima na wavuvi wa pwani ya zamani mwongo ulikuwa siku kumi. Mwaka wa Nairuzi una siku 365: miongo 36, na siku tano za ziada mwishoni. Kwa hesabu hiyo walijua lini wapande na lini chombo kisitoke. Kumi ukiziacha zikupite, kumi nyingine iko mlangoni, hungoji mwaka.

Mwongozo huu nimeujenga juu ya hesabu hiyo. Unahitaji daftari moja, kalamu, simu yako na jioni mbili zenye utulivu.

Hatua ya kwanza: koga mwaka uliopita

Makunduchi mwaka mpya huingia mwezi wa Julai, na sherehe yake huitwa Mwaka Kogwa. Wanaume hupigana kwa magomba ya migomba mpaka kinyongo cha mwaka mzima kiishe, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto. Kukoga ni kuoga. Huingii mwaka mpya na uchafu wa ule wa zamani.

Sisi tunaotumia Januari tunakosea hapa. Tunakimbilia kuandika tunachotaka kabla hatujajua tulikotoka. Kwa hiyo jioni ya kwanza usiandike lengo lolote. Fanya hesabu ya mambo matatu: pesa, muda na watu.

Anza na pesa, maana haina aibu ya kusema ukweli. Chukua taarifa ya miamala ya simu yako ya miezi mitatu ya mwisho. Mitandao yote ya pesa inatoa, kwenye programu ya simu au dukani kwao. Chora mafungu kwenye daftari: chakula, nauli, kodi, shule, kutuma nyumbani, michango, vocha na bando, makato ya kutoa na kutuma, marejesho ya mikopo. Jumlisha kila fungu. Usijitetee wala usijilaumu, jumlisha tu. Mwenzetu mmoja anayeuza uji na maandazi alikuwa na hakika kwamba hana pa kubana. Alipojumlisha aligundua kuwa alikuwa akitoa pesa kwa wakala karibu kila siku, elfu tano leo, elfu saba kesho, na kila mara anakatwa. Makato peke yake yalikaribia thamani ya hisa zake za robo mwaka. Hakulijua hilo kwa sababu hakuwahi kuliona likiwa limesimama mahali pamoja.

Kwenye ukurasa unaofuata andika madeni yote. Yote, pamoja na la duka la jirani na lile la kausha damu unaloogopa hata kulitaja. Pembeni ya kila deni weka tarehe ya kulipa na kiasi kinachoongezeka usipolipa. Ikiwa una mkopo wa kausha damu unaokula riba kila juma, lengo lako la kwanza la mwaka limeshapatikana, na hatua zinazofuata zitakusaidia kulimaliza. Hakuna akiba inayoweza kushindana na riba ya namna hiyo.

Kwa muda, andika juma moja la kawaida: unaamka saa ngapi, unatoka, unarudi, simu inakuchukua kiasi gani, ni saa ngapi unabaki na nguvu kidogo. Hii ni kazi ya robo saa tu, lakini bila hiyo utapanga kusoma usiku wa saa nne wakati unajua kabisa kwamba saa tatu na nusu umeshasinzia.

Kuhusu watu sina maneno mengi. Andika majina ya uliogombana nao, uliowaahidi ukakaa kimya, uliokopa kwao ukawakwepa njiani. Chagua mmoja au wawili, uwapigie simu kabla ya Januari kuisha. Kinyongo ni mzigo, na malengo mengi huangushwa na mtu unayemkwepa.

Hatua ya pili: uliza lengo ni la nani

Jioni ya pili, sasa andika. Andika kila unachokitaka bila kuchuja, hata kama ni ishirini. Kisha uyapitishe kwenye maswali.

Swali la kwanza: wazo hili limetoka wapi? Mengi tunayoyaita malengo yetu tumeyaokota kwenye picha za watu simuni, kwenye maneno ya mawifi, kwenye gari la jirani. Mimi mwenyewe niliandika "kujenga" miaka mitatu mfululizo. Nilipojiuliza kwa utulivu nikaona nilichokuwa nakitaka hasa ni kuacha kuhamahama na watoto kila mwenye nyumba anapopandisha kodi. Kiwanja sikuwa nacho, wala pesa ya kiwanja. Lakini kulipa kodi ya miezi sita kwa wakati, bila kukopa, kungenipa utulivu uleule niliokuwa nautafuta, na kulikuwa ndani ya uwezo wangu. Nyumba nitajenga. Mwaka ule halikuwa lengo langu, lilikuwa jina la kitu kingine.

Swali la pili: likitimia, siku ya kawaida itabadilika vipi? Siizungumzii siku ya sherehe. Nazungumzia Jumanne isiyo na chochote. Mtu akisema "nataka kupunguza mwili" na nikamuuliza swali hili, mara nyingi jibu la kweli hutoka: nataka nipande ngazi za ofisini bila kuhema, presha ishuke, niweze kumbeba mjukuu. Hayo ndiyo ya kuandika. Kama huoni chochote kitakachobadilika Jumanne, lifute.

Swali la tatu: linategemea mkono wa nani? "Kupandishwa cheo" kunategemea bosi. "Kuolewa" kunategemea mtu mwingine, na Mungu. Haya yabaki kwenye dua, na dua si kitu kidogo. Lakini kwenye daftari andika sehemu iliyo mkononi mwako: kumaliza mafunzo yale, kupeleka maombi mahali fulani kabla ya Machi.

Neno lengo lina mzizi wa kulenga. Mtu hulenga kitu kimoja anachokiona, na akikosa anajua amekosa kwa kiasi gani. Tamaa haina kukosa, kwa hiyo haina kupata.

Hatua ya tatu: baki na mawili

Yatakayopita kwenye maswali yanaweza kuwa sita au saba. Chagua mawili. Ukinibembeleza sana nitakubali matatu, mradi la tatu liwe dogo.

Najua inauma kuyaacha mengine. Lakini mwaka wako tayari una kazi ambazo hukuzichagua: sare na madaftari Januari, ugonjwa wa mtoto, msiba kijijini, paa linalovuja masika. Malengo yanaishi kwenye nafasi inayobaki baada ya hayo, na nafasi hiyo ni ndogo. Mwanachama aliyeandika malengo tisa nilimwonea huruma, kwa sababu kufikia Machi alikuwa ameshindwa mara tisa. Yale manne au matano yaliyobaki yaandike ukurasa wa mwisho wa daftari, ukurasa wa kungoja. Hayajafa, yanasubiri zamu.

Hatua ya nne: ondoa "nita"

Hapa ndipo nilipoona tofauti kubwa kwenye daftari la kikoba. Karibu kila lengo lililokufa lilianza na "nita": nitaweka, nitasoma, nitatembea. "Nita" haina tarehe. Unaweza kuisema leo, kesho na Desemba, na bado ikawa kweli.

Andika lengo lako upya kwa "na", kama jambo ambalo tayari ni desturi yako, na ulifunge kwenye kitu unachokifanya kila siku bila kukumbushwa:

"Nitaweka akiba" iwe: "Kila jioni nikishahesabu mauzo, natoa 3,500 naziweka kwenye kibubu kabla sijanunua mboga."

"Nitafanya mazoezi" iwe: "Jumatatu mpaka Ijumaa, nikishamfikisha mtoto shule, narudi nyumbani kwa miguu kwa kupita njia ndefu, nusu saa."

"Nitarudi shule" iwe: "Jumanne na Alhamisi saa mbili usiku, vyombo vikishaoshwa, nafanya maswali matano ya Fizikia."

Mfano wa kutembea haukuchaguliwa ovyo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, na nusu saa mara tano ni dakika 150 kamili. Huhitaji kulipia jimu. Linashauri pia chumvi isizidi gramu tano kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na kwa sisi tunaopenda kutia chumvi hata kwenye embe, hilo peke yake ni lengo zima. Ikiwa tayari una presha, kapime na uzungumze na daktari kabla ya kuanza, na dawa usiache.

Mtindo huu wa kufunga jambo jipya kwenye jambo la zamani umechunguzwa na wanasaikolojia kwa miaka mingi. Peter Gollwitzer, aliyeandika sana juu yake tangu miaka ya 1990, alionyesha kwamba mtu aliyepanga "ikifika hivi, nafanya hivi" hutekeleza zaidi kuliko aliyebaki na nia peke yake. Waislamu miongoni mwetu wanalijua hili bila kitabu: swala haikuambiwa "sali mara nyingi", imepewa nyakati.

Hatua ya tano: gawa kwa miongo

Sasa fungua kurasa mbili zinazotazamana na uchore vyumba 36, vitatu kwa kila mwezi. Kwa urahisi mimi nafunga mwongo wa kwanza tarehe 10, wa pili tarehe 20, na wa tatu siku ya mwisho ya mwezi. Kila lengo liwe na kurasa zake mbili.

Twende na lengo langu la kodi. Chumba na sebule ni 100,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, mwisho wa Juni. Hiyo ni 600,000. Januari hadi Juni ni miongo 18. Ukigawa sawasawa ni kama 33,300 kwa kila mwongo, lakini kugawa sawasawa ni kujidanganya, kwa sababu Januari yangu si sawa na Mei yangu. Januari kuna sare, viatu na michango ya shule. Shule za Serikali hadi kidato cha nne hazina ada tangu 2016, lakini mzazi yeyote anajua mtoto haendi shule mikono mitupu. Kwa hiyo miongo mitatu ya Januari niliipa 10,000 kila mmoja, jumla 30,000. Zikabaki 570,000 kwa miongo 15, yaani 38,000 kila mwongo, 3,800 kwa siku. Nikaliangalia fungu la vocha na fungu la makato kwenye hesabu ya hatua ya kwanza, nikajua zitatoka wapi.

Na hapa nitoe ushauri wa mweka hazina. Pesa ya lengo la katikati ya mwaka usiiweke kwenye hisa za kikoba. Hisa hazitoki mpaka siku ya kuvunja. Utalazimika kukopa pesa yako mwenyewe na kuilipia riba. Kikoba ni kizuri kwa lengo la Desemba au kwa kukopa mtaji. Kodi ya Juni iende kwenye kibubu, kwenye akaunti ya benki isiyo na kadi mkononi, au kwenye laini ya pili ya simu ambayo namba yake hakuna anayeijua. Upatu nao unafaa, lakini omba zamu yako ifike kabla ya tarehe ya kulipa, na hilo lisemwe siku mchezo unapoanza. Ukisubiri hadi katikati, zamu zimeshagawanywa.

Malengo yasiyo ya pesa yanagawika pia. Mdogo wangu wa kike alitaka kurudia Fizikia na Kemia za kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, apate sifa za kuingia chuo cha afya. Mtihani ni Novemba. Januari hadi mwisho wa Oktoba ni miongo 30. Tulikaa na mihtasari ya masomo yote mawili, tukahesabu mada, tukaziandika kuanzia chumba cha pili hadi cha 22, na miongo minane iliyobaki tukaiacha kwa ajili ya mitihani ya miaka iliyopita. Mwongo wa kwanza kabisa haukuwa na somo lolote. Uliandikwa: "Nenda kituo cha mtihani ukaulize tarehe za kujisajili na malipo." Namwambia kila mtu hili, maana nimeona watu waliosoma mwaka mzima wakagundua usajili umefungwa zamani. Kila lengo lenye karatasi za Serikali, liwe shule, leseni, pasi ya kusafiria au hati, mwongo wake wa kwanza uwe wa kuuliza.

Hatua ya sita: weka misimu kabla haijakuwekea

Pitia vyumba vyako 36 na alama za rangi. Weka Ramadhani, ukikumbuka kuwa kila mwaka inarudi nyuma kwa takriban siku kumi na moja. Weka Kwaresima, Pasaka, Idi mbili na Krismasi. Weka masika, Machi hadi Mei, ikiwa biashara yako inakaa chini ya mwavuli barabarani. Kama una shamba, weka palizi na mavuno. Kama ni mvuvi, unajua mwenyewe kusi linavyobadilisha mambo. Mwenye mshahara aweke alama kwenye mwongo wa tatu, ambako pesa huingia, na ajue kwamba mwongo wa pili ndio wenye njaa.

Kwenye mwongo mgumu punguza kiwango sasa hivi, ukiwa umetulia. Usingoje ushindwe. Mtu anayefunga asijiandikie kutembea nusu saa ya jua kali. Aandike dakika ishirini baada ya tarawehe. Huko si kushindwa, ni kupanga.

Na kama mwaka wako hauanzi Januari, usijilazimishe. Serikali yenyewe huanza mwaka wake wa fedha tarehe 1 Julai. Mkulima anayepata pesa Agosti akiweka malengo ya akiba Januari, wakati ghala limebaki na vumbi, anajitafutia huzuni. Anza miongo yako pale nguvu yako inapoanzia.

Hatua ya saba: michango

Hii ningeweza kuandikia kitabu. Nimeona malengo mengi yakiuawa na kadi za michango kuliko ugonjwa. Harusi, kipaimara, kumuaga bibi harusi, arobaini, na kila kadi ina kiwango chake na kila kiwango kina macho ya watu nyuma yake.

Sikushauri uache kuchangia. Tunazikana na kuozeshana sisi kwa sisi, na siku yako itafika. Ninachoshauri ni fungu la michango la mwaka mzima, lililokadiriwa kutoka kwenye hesabu ya hatua ya kwanza, ligawanywe kwa miongo kama kitu kingine chochote. Msiba uwe na fungu lake, maana msiba haupangiwi. Fungu la sherehe likiisha, limeisha.

Kugumu ni kusema. Mimi nilijifunza kusema mapema, kabla kamati haijaniandika. Shangazi yangu alinipigia kuhusu harusi ya mwanawe:

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kadi yako umeiona? Nimekuandika laki moja, wewe si mtoto wangu?"

"Nimeiona shangazi, na nimefurahi sana. Ila mwaka huu nimejifunga na kodi ya nyumba. Mchango wangu ni elfu thelathini, nakutumia leo hii. Na siku ya shughuli nitakuja tangu alfajiri, nishike jiko mimi."

Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Elfu thelathini ya leo ina faida kuliko laki ya ahadi." Na ni kweli, waulize wanakamati wowote kuhusu ahadi zisizolipwa. Toa kidogo, toa mapema, na toa mikono yako. Mikono haipungukiwi.

Hatua ya nane: tafuta somo

Lengo linahitaji mtu mmoja wa kukuuliza. Mmoja tu. Kulitangaza kwa watu wote kunatia raha ya siku moja, halafu hakuna anayekumbuka. Pwani mwanamke alikuwa na somo wake, mtu anayemjulia siri na kumwambia ukweli. Tafuta wa namna hiyo: asiyekuonea wivu, asiyekuogopa, na mwenye lengo lake la kuulizwa pia. Mara nyingi mume au mke hafai kwa kazi hii. Anakupenda, lakini anaishi ndani ya matokeo. Akikuuliza utasikia lawama hata kama hakuiweka.

Mkubaliane siku: tarehe 10, 20 na mwisho wa mwezi, usiku, simu ya dakika tano. Na mkubaliane swali. Swali la "unaendeleaje?" lina jibu moja tu, "naendelea vizuri", na halimsaidii mtu. Muulizane: "Mwongo huu umefanya mara ngapi?" Jibu ni namba. Andika namba hiyo kwenye chumba chake. Hata sifuri iandike. Chumba kitupu ni kibaya kuliko sifuri, kwa sababu sifuri inaonyesha kwamba bado unatazama.

Mwongo ukikuangusha

Utakuangusha. Mimi mwongo wa saba, mwanzoni mwa Machi, mtoto alilazwa siku nne na kibubu kikavunjwa. Kilichonisaidia ni kujua mambo mawili.

La kwanza nililisoma. Mwaka 2010 watafiti wa chuo kikuu cha University College London, wakiongozwa na Phillippa Lally, walichapisha uchunguzi wao kuhusu watu waliokuwa wakijenga mazoea mapya. Jambo jipya lilichukua kwa kawaida kama siku 66 mpaka lifanyike bila kujilazimisha. Kwa wengine 18 tu, na kwa wengine makadirio yalifika 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kazi. Siku 66 ni karibu miongo saba. Kwa hiyo usilihukumu lengo kabla miongo saba haijapita. Mtu anayesema Januari 20 kwamba "mimi siwezi" anaongea mapema mno.

La pili ni kanuni niliyojiwekea: punguza kiasi, usiondoe siku. Huna 3,800? Weka 500, jioni ileile, baada ya mauzo yaleyale. Hujiwezi kwa maswali matano? Fanya moja, Jumanne ileile. Siku ikibaki mahali pake, kiasi kitarudi. Siku ikiondoka, huwa hairudi peke yake.

Sifuri zikifuatana kwenye miongo mitatu, hapo kaa na somo wako mlitazame lengo lenyewe. Pengine ni kubwa mno, pengine maisha yamebadilika, pengine lilikuwa la mtu mwingine tangu mwanzo. Kulibadilisha ruksa. Likifutwa, lichukuliwe moja kutoka ukurasa wa kungoja, lianze kwenye mwongo unaofuata.

Mwisho wa Juni, miongo 18 ikiwa imepita, fanya tena hesabu ndogo ya hatua ya kwanza, pesa na muda. Mimi mwaka ule nilifika Juni nikiwa na 541,000. Zilizopungua nilimwambia mwenye nyumba mapema, akakubali kuzipokea wiki mbili baadaye. Mdogo wangu alipata C ya Kemia na D ya Fizikia, na D ni ufaulu.

Na zile siku tano za ziada ambazo bibi alizihesabu baada ya miongo 36? Ukihesabu kwa siku kumi kamili kuanzia tarehe 1 Januari, zinaangukia Desemba 27 hadi 31. Zifungie kalenda sasa hivi, kabla hujaandika kitu kingine: usipange safari ya biashara, usipokee kazi za kushona. Siku ya kwanza toa taarifa ya miamala. Ya pili jumlisha vyumba 36. Ya tatu lipa vijideni vidogo. Ya nne piga zile simu. Ya tano pumzika, na ununue daftari jipya.